Marehemu wa Karatasi Yako

Kambi ya Nne, mashamba ya chai, Kericho
Jumapili, 25 Agosti 1996

Ni miezi minne na kitu tangu nitoke nyumbani baada ya Pasaka, na miaka ishirini na miwili tangu nitoke mara ya kwanza nikiwa na mzigo wa miwa begani.

Kemunto, mama,

Sitakuandikia mambo ya kufunga begi, wala viatu, wala ni watu gani usikae nao huko chuoni. Hayo mama yako alikwambia mpaka ukachoka. Nakuandikia kwa sababu nimekasirika, na nikikasirika mdomo wangu haufai. Alhamisi nilipokupigia kelele hapa mlangoni, nawe umekuja kunitembelea tu, uliangalia chini, ukanyamaza, na kambi yote ikasikia. Nikaona nimeshinda. Baadaye nikajua sijashinda kitu, maana mtu aliyenyamaza hajakubali. Sasa wewe umeenda kanisani na mke wa Makori, jirani yangu hapa kambini, mimi nimebaki, nimekaa kitandani na karatasi za Makori na kalamu ya Makori. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika mpaka darasa la sita. Ekegusii yetu ni ya kusemea na ya kugombania. Tena nataka ukimpelekea mwalimu wako barua hii, aweze kuisoma mwenyewe.

Umeniua, Kemunto. Hilo ndilo jambo lenyewe, na sitalizunguka.

Jinsi nilivyopata habari ya kifo changu ni hivi. Jumatano tulikuwa tumetoka shambani, nimevua lile koti la plastiki, nasubiri maji ya kuoga yapate moto. Makori akaja na karatasi zako mkononi. Ulikuwa umemwachia azisome kwa sababu yeye alifika kidato cha pili na Kiingereza chake hakijafa kabisa. Akasimama hapo mlangoni, akatoa kofia.

"Baba Kemunto, pole na msiba."

"Msiba gani? Nani amekufa?"

"Wewe."

Nikadhani amekunywa. Akafungua ukurasa, akasoma Kiingereza kwanza, kisha akanigeuzia kwa Kiswahili: mchuuzi mmoja Mkisii, asiyejulikana jina, alishukiwa kuwa kachinja, yaani zimwi mnyonya damu, akapigwa na wanakijiji, akafa kutokana na majeraha. Makori alikuwa anacheka huku ameshika ubavu. "Angalia," anasema, "umekufa vizuri, umekufa na alama nyingi. B na kujumlisha juu yake! Mimi hapa sijawahi kupata B hata nikiwa hai."

Halafu akafika pale ulipoandika jina la kile kituo cha biashara mchuuzi alikouawa. Hapo Makori aliacha kucheka. Akakunja karatasi, akanirudishia, akasema, "Hii mwambie mtoto aifute." Unajua nyumba ya Makori ilikuwa karibu na mpaka wetu na Wakipsigis. Unajua haiko tena.

Lakini wengine walikuwa wamesikia mwanzo tu, ile sehemu ya kuchekesha. Kesho yake kwenye kupima majani nyapara mwenyewe anaita, "Marehemu, leta kikapu!" Wanawake wanacheka mpaka wanashika magoti. "Marehemu, mbinguni kuna chai?" "Marehemu, umemwacha mjane na nani?" Ningecheka na mimi kama ingekuwa mtu mwingine ameniua.

Sasa nitarudia habari yote tangu mwanzo, hata zile unazozijua, ili mtu mwingine akisoma asipotee.

Pasaka nilipokuja nyumbani ulinieleza juu ya kozi hiyo. Ulisema kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza lazima aipite, kozi ya kuandika utafiti, na mwalimu wenu, ili msinakili karatasi za waliotangulia, ameamua mwaka mzima mtaandika juu ya mazimwi. Nilicheka nikapaliwa na ugali. Nikakuuliza, "Serikali inajua mnasoma mazimwi?" Ukasema, "Baba, si mazimwi yenyewe. Ni jinsi ya kuuliza na kuonyesha umeambiwa na nani." Hilo nililipenda. Nilifikiri, huyu mwalimu ana akili.

Ukanipangia zile asaimenti. Ya kwanza, ueleze zimwi moja kutoka kwenu. Ya pili, umhoji mtu aliyekutana na habari za zimwi hilo. Ya mwisho ni ndefu, ina nusu ya alama zote, na inajibu swali moja: zimwi lako linatuambia nini juu ya watu waliolitunga? Na ukianguka kozi hii, huendi mwaka wa pili na wenzako. Unabaki.

Wenzako walichukua mazimwi ya hadithi za bibi, yenye mdomo kisogoni na mguu mmoja. Wewe ulichukua kachinja. Nikakuuliza kwa nini. Ukaniangalia kama mimi ndiye mjinga. "Baba, si ni wewe ulinifundisha? Kila ukija likizo, jua likizama tu unaanza: ingieni ndani, kachinja anapita na gari lake, atawanyonya damu akauze."

Ni kweli. Nilikuwa nasema hivyo kila siku. Mimi, kati ya watu wote. Ndiyo maana jioni ile ya Pasaka nilikwambia mambo ambayo sikuwa nimemwambia mtu nyumbani jinsi yalivyokuwa.

Mwaka ule nilipotoka mara ya kwanza ulikuwa bado tumboni mwa mama yako. Nilibeba miwa nikavuka mpaka, nikawa nauza kituo hata kituo kwenye njia ya Ndanai, nia yangu nifike Kericho niandikwe kazi ya chai. Kiswahili changu kilikuwa kibaya, na cha watu niliowauzia kilikuwa kibaya vilevile. Neno la biashara nilikuwa nalo moja. Nikiona watoto nainua kisu changu cha kumenyea miwa juu, ili wajue nitawamenyea, naita: "Njooni! Tamu! Tamu!"

Sasa, Wakipsigis wengi wa wakati ule, na wengine hata leo, hawatenganishi tamu na damu. Kwao yote mawili hutoka tamu. Si kosa, ulimi umezaliwa hivyo. Sisi nasi lori tunaiita rori na hatuoni shida. Lakini mimi sikujua. Wala sikujua kwamba mwezi ule eneo lote lilikuwa linasema kachinja ameingia, anakamata watoto. Kwa hivyo waza: mgeni, mwembamba, koti refu, kisu juu, anaita watoto wa watu waje, damu, damu.

Watoto walikimbia. Mimi nikadhani wanaenda kuomba senti kwa mama zao. Nikakaa chini nikangoja wateja.

Walikuja wanaume. Hawakuwa wengi, labda kumi na wawili, na nusu yao walikuwa wa kutazama tu. Mmoja akaingiza mkono mfukoni mwa koti langu akatoa chupa. Ilikuwa strungi, chai ya rangi, maana maziwa nilikuwa sina, ila sukari nilikuwa nimetia ya kutosha. Akainua chupa juani ikaonekana nyekundu. Akasema, "Ona! Ona tamu hii!"

Na mimi, Kemunto, nilifurahi. Nilifikiri ameisifu. Nikaitikia kwa nguvu, "Ndiyo, mzee! Tamu sana!"

Ndipo fimbo ya kwanza ikashuka.

Niliweka mkono wa kushoto juu ya kichwa, na ndio uliokula nyingi. Vile vidole viwili vya mwisho unavyoviona havikunjiki, vilivunjika hapo. Sikumbuki maumivu sana. Nakumbuka nikipiga kelele "tamu, tamu jamani," nikidhani najitetea, na kila nikisema wanaongeza.

Alitoka mama mmoja na jembe. Walimwita Bot Chelang'at, yaani mama wa Chelang'at. Aliingia katikati yao akiwasukuma kwa mpini. "Wacheni! Huyu nauza miwa! Hakusema tamu! Alisema tamu!"

Wakamjibu, "Ndiyo! Sisi pia tulisikia! Alisema tamu!"

"Si tamu ya mtu! Tamu! Tamu ya kula!"

"Ndiyo hiyo, ya kula!"

Alijaribu hivyo mara kadhaa akaona maneno yanazidi kuniua. Akamnyang'anya yule mtu chupa, akaifungua, akanywa. Aliinywa mpaka chini, watu wote wanamtazama kama anayekunywa sumu. Akapangusa mdomo kwa mkono.

"Chai," akasema. "Haina maziwa. Huyu ni maskini tu."

Wakaondoka mmoja mmoja. Yeye alinifunga vidole kwa kitambaa chake cha kichwa, akanipa maziwa lala kwenye kibuyu, akanisindikiza mpaka tukapita nyumba za mwisho. Miwa niliiacha. Nadhani watoto waliila.

Hiyo ndiyo habari niliyokupa. Uliiandika ukapeleka, ukapata D. Uliniandikia ukilia, na mimi huku nikamtukana mwalimu wako siku mbili nzima katikati ya mistari ya chai. Nilisema, kama mimi si chanzo, nani chanzo? Fimbo? Nilisema anawapa D watu kwa sababu baba zao hawana suruali ya pasi. Niliyasema mengi.

Lakini Alhamisi hii, baada ya kukugombeza, nilimwomba Makori anigeuzie maneno ya mwalimu pole pole. Hakuandika kwamba mimi ni mwongo. Aliandika: mhojiwa ni baba wa mwandishi, na habari yote inasimama juu yake peke yake. Tafuta shahidi wa pili asiye wa familia, kisha uandike upya, na gredi itapanda. Basi. Nilimtafuta mahali pa kumkasirikia nikakosa. Kama mtu angekuja hapa kambini kuniambia baba yake hakuiba ng'ombe, na mimi ningeuliza, nani mwingine alikuwepo?

Uliambiwa utafute mtu wa pili. Wewe ukaniondoa mimi. Ukaweka mchuuzi asiye na jina, halafu mchuuzi huyo ukamuua ili mtu asiulize yuko wapi. Na kama shahidi ukaandika mzee fulani wa pale sokoni, ambaye hujamwona na hayuko.

Nilikuuliza Alhamisi, na majibu yako nayaandika kama ulivyoyatoa, ili usiseme nimekuongezea.

Nilisema, "Kwa nini umeniua?"

Ulisema, "Baba, si wewe. Ni mtu tu. Ni asaimenti."

"Ana vidole vyangu, ana miwa yangu, ana chupa yangu. Si mimi kivipi?"

"Hadithi haikuwa na mwisho, baba."

"Mwisho ni mimi hapa nakula ugali uliopika!"

"Huo si mwisho. Swali linataka zimwi liseme kitu juu ya watu. Mtu akipigwa halafu akanywewa chai akaenda zake, haisemi kitu."

"Na Bot Chelang'at? Mbona hayumo?"

Hapo ndipo uliponijibu neno ambalo limeninyima usingizi. Ulisema, "Alikuwa anaharibu hoja."

Niliruka kwa sababu neno hilo nalijua. Sikulisoma chuoni. Nililitumia mwenyewe kabla yako.

Wakati ule wa mapigano yetu na Wakipsigis, nyumba zilipokuwa zinachomwa huko mpakani, nilikuwa nyumbani kwa matanga ya mjomba. Wewe ulikuwa shule ya bweni. Vijana walikuwa wamekaa karibu na moto, na mmoja akauliza vidole vyangu vilipatwa na nini. Nikawaambia. Nilianza vizuri. Lakini niliona wananisikiliza, na mimi katika maisha yangu si mtu wa kusikilizwa. Huku naambiwa chuma, leta, pima, ondoka. Pale watu ishirini walinyamaza kwa ajili yangu. Wale wanaume kumi na wawili wakawa mia. Chupa nikaiacha. Tamu na damu nikaiacha, kwa sababu inachekesha, na nilikuwa sitaki wacheke. Kijana mmoja akaniuliza, "Na hakuna hata mmoja wao aliyekusaidia, baba?"

Nikasema, "Hata mmoja."

Jioni ile vijana hao walichukua pinde na mishale wakateremka upande wa mpaka. Ng'ambo kuliwaka. Mmoja wao alirudishwa na mshale pajani, na mpaka leo anachechemea akipita pale kwetu, ananisalimu kwa heshima, ananiita baba. Sijui kama moto ule ulitoka kwa maneno yangu. Kulikuwa na maneno mengi siku zile. Lakini yangu yalikuwemo, na mama aliyekunywa chai yangu mbele ya watu nilikuwa nimemfuta. Sijui aliishi wapi usiku huo, wala kama nyumba yake ilisimama. Sijawahi kwenda kuuliza. Miaka ishirini na miwili, na kutoka hapa hadi pale si safari ya kulala njiani. Sijawahi kwenda hata kusema asante.

Kwa hivyo usinione nakukemea kama mtu msafi. Nakukasirikia kwa sababu nilidhani uchafu huu nimebaki nao mimi. Nilidhani nimekupeleka shule ukaondokane nao. Kumbe huko unapewa B.

Na wewe umezidi mimi, kwa sababu mimi nilisema na upepo ukachukua. Wewe umeandika. Umeandika jina la kituo, umeandika Mkisii, umeandika aliuawa, umeandika na nani. Karatasi yako itakaa kwenye kabati la chuo. Mwanafunzi mwingine ataitafuta, atasema, hapa kuna chanzo. Ataandika kama ulivyoandika. Siku moja mtu atasimama kwenye mkutano, siku za kura zikikaribia, aseme imeandikwa chuoni, watu wetu waliuawa pale. Utamwambia ilikuwa asaimenti?

Mimi huku nachuma mstari mmoja na watoto wa watu hao. Mvua ikitupiga inatupiga wote. Mwaka jana nilipougua malaria, aliyenibebea kikapu wiki nzima ni kijana wa huko huko njia ya Ndanai. Naye Alhamisi alicheka kama wengine, akaniuliza, "Marehemu, nani alikuua?" Nilichukua kikapu nikaondoka. Ningemwambia nini? Ningemwambia, kwa karatasi ya binti yangu, ni baba yako?

Ninajua utakavyosema, maana ulishaanza kusema kabla sijakukatiza. Kwamba hutaki kubaki nyuma. Kwamba ukienda kwa mwalimu ukamwambia ile karatasi ya B ina mtu aliyekufa ambaye hajafa na mzee ambaye hakuzaliwa, anaweza kukupa sifuri, na sifuri hiyo itakuangusha hata ile ndefu ikiwa nzuri. Inawezekana. Sitakudanganya kwamba ukisema kweli atakushika mkono. Mimi nimesema kweli kwa manyapara wengi na wengine walinifukuza. Ukianguka utarudia. Nyumbani watacheka kidogo. Mama yako atanung'unika, na mimi nitaendelea hapa mwaka mwingine, ambao ningekaa hata hivyo.

Lakini ile karatasi ya pili nenda uitoe mkononi mwake. Usingoje aigundue. Mwambie: baba yangu hakufa, na kituo kile hakikuua mtu, niliandika uongo kwa sababu niliogopa. Ufute jina la kituo. Hata kwenye karatasi ya kweli ulifute, maana wale waliopiga wana wajukuu na wale waliotazama wana wajukuu. Uniweke mimi. Kama "mchuma chai" ni aibu kwako, andika jina langu tu. Kama jina langu ni aibu, niambie kwa mdomo wako tuelewane.

Swali lenyewe, zimwi lako linasema nini juu ya watu waliolitunga, mimi sijui jibu lake. Usinitazame mimi. Nimelifikiria wiki nzima nikichuma na sijafika popote. Mara naona linasema watu wanaogopa wageni, na hilo hata mbwa anajua. Mara nakumbuka kwamba mimi mwenyewe, niliyeitwa kachinja nikavunjwa vidole, nilikuja nyumbani nikakutisha na kachinja yule yule ili ulale mapema, na sijui hilo linasema nini. Hiyo ni kazi yako. Ndiyo maana wewe uko chuoni na mimi niko hapa.

Lakini jambo moja ulilolisema Alhamisi ukiwa umeangalia chini, nililisikia nikajifanya sikusikia. Ulisema, "Baba, mimi Mkisii, nitashukaje pale peke yangu nianze kuuliza nani aliwahi kumpiga Mkisii?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Nilikuwa na hasira nikalipita. Mwalimu wako alipokwambia utafute shahidi wa pili, yeye aliona ni kazi ya nauli na daftari. Hakujua anakutuma wapi, na hukumwambia. Wala hukuniambia mimi. Uliona ni rahisi kuniua kuliko kuniomba niende nawe. Labda ulijua ningekataa. Pasaka ungeniomba, ningekataa. Ningesema nina kazi.

Leo asubuhi mlipokwenda kanisani nilienda nyumbani kwa nyapara. Alinikuta mlangoni akaanza mzaha wake wa wiki hii, nikamwambia sitaki mzaha, nataka ruhusa ya kesho. Aliniangalia, akaona uso wangu, akanipa.

Kwa hivyo kesho usipande gari la saa kumi na mbili. Mke wa Makori nimemwambia, atakuamsha mapema na atakupa chai. Tutatoka wawili, twende Silibwet kwanza kubadilisha gari, halafu kule. Sijui kama Bot Chelang'at yuko hai. Alikuwa mama wa makamo wakati ule, kwa hivyo sasa ni mzee. Kama hayuko, Chelang'at atakuwepo, alikuwa msichana wa kubeba maji. Kama naye hayuko, tutauliza tuonyeshwe kaburi, na hiyo pia utaandika.

Mimi nitasalimu. Kusalimu najua, Kikipsigis cha salamu nimekipata hapa kambini. Nitawaonyesha mkono na kusema nimekuja kushukuru, nimechelewa. Kuuliza utauliza wewe, Kiswahili, pole pole, na ukiandika uandike wanavyosema, hata wakisema sikupigwa. Hata wakisema nilistahili. Hata wakisema mimi ndiye niliyekuja na kisu. Kisu nilikuwa nacho.

Naogopa, Kemunto. Nakuambia sasa ili kesho ukiona jasho langu usidhani naumwa. Mara ya mwisho kushuka pale sikujua kuogopa. Kama kutakuwa na maneno mabaya usijibu, kaa nyuma yangu, tutaondoka kwa miguu bila kukimbia. Lakini sidhani.

Makori atakuletea barua hii kabla hamjalala. Usije kunijibu leo. Sitaki kuzungumza leo, bado nimekasirika, na kesho asubuhi nitakuwa nimekasirika pia. Tutaenda hivyo hivyo.

Kutoka kule utapanda gari lako uende chuoni, Ijumaa upeleke karatasi yako ile ndefu ya mwisho. Mimi nitarudi huku peke yangu. Nyapara nimemwambia Jumanne kengele ikilia nitakuwa kwenye mstari. Na nyumbani mwambie mama yako nitakuja Desemba, wiki moja kabla ya Krismasi, nikiwa hai.

Baba yako